MWANGA MDOGO, SHAHIDI MKUBWA

Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga waliponena maneno hayo hawakuwa wameona tarakilishi hata katika ndoto, lakini kama wangeiona, nadhani wasingebadilisha hata herufi moja. Mpenzi msomaji, nisikilize kwanza nikusimulie yaliyonipata, kisha nitoe maoni yangu, nawe uamue kama nina haki au napiga domo tu.

Likizo ya Aprili tulipewa kazi ya kuandika insha juu ya maisha ya Shaaban Robert. Mjomba akaniazima kipakatalishi chake kikuukuu. Mama, ambaye huuza mboga sokoni, akanunua bando la gigabaiti 1 kwenye simu yake, akaniwashia hotispoti, akasema, "Soma, mwanangu, lakini ujue hiyo ni pesa ya sukuma wiki." Nikafungua ukurasa mmoja, nikaanza kunakili tarehe. Kabla sijamaliza aya ya pili, simu ya Mama ikalia. Ujumbe ulikuwa mfupi: bando limekwisha.

"We kijana, umetazama sinema!"

"La, Mama, haki ya Mungu nimesoma ukurasa mmoja tu."

"Ukurasa mmoja umemaliza bando zima? Basi ni nani amekula, paka?"

Sikuwa na jibu. Nilijua sikutazama sinema yoyote, lakini sikuwa na shahidi. Kwa siku mbili Mama alinisemesha kwa mkato. Jamani, kupoteza pesa kunauma, lakini kuitwa mwongo na mzazi wako, na huku unasema kweli, kunauma zaidi.

Shule zilipofunguliwa nilimweleza mwalimu wetu wa kompyuta. Hakunicheka. Alifungua kabati la nyuma ya maabara, akatoa kisanduku cheusi kilichojaa vumbi, akakipangusa kwa mkono wa shati na kukichomeka kwenye umeme. Taa moja ndogo nyekundu ikawaka. "Hii ni modemu," akasema. "Ungekuwa na hii siku ile, mama yako asingekugombeza."

Wenzangu wengi hawajaiona modemu ya aina hiyo, kwa hivyo hebu nieleze kidogo. Zamani intaneti ilipitia waya wa simu ya nyumbani. Waya ule ulitengenezwa kubeba sauti, si data. Kazi ya modemu ilikuwa kugeuza data ya tarakilishi kuwa sauti, kuipeleka, na kuigeuza tena sauti ya upande wa pili kuwa data. Modemu iliunganishwa na tarakilishi kupitia mlango wa siriali, ule wa nyuma wenye pini 9. Humo biti hupita moja baada ya nyingine, kama sisi tunavyopanga foleni ya githeri saa saba mchana. Pini ya 2 hupokea, pini ya 3 hutuma. Hakuna kusukumana.

Sasa njoo kwenye taa. Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ya Marekani ilitoa modemu iliyoitwa Smartmodem, iliyopitisha biti 300 kwa sekunde, yaani herufi kama 30 hivi. Usoni pake palikuwa na safu ya taa nyekundu, kila moja na herufi zake mbili. SD iliwaka data ikitoka. RD iliwaka data ikiingia. OH ilionyesha kwamba laini ya simu imeshikwa, na CD kwamba modemu ya upande wa pili imeitika. Mtu aliyekaa mbele yake hakuhitaji shahada ya chuo kikuu. Taa ikipepesa na yeye hajagusa kitu, alijua kuna jambo.

Baadaye modemu zikaanza kufichwa ndani ya tarakilishi yenyewe. Bei ikapungua, meza ikawa nadhifu, lakini taa nazo zikafichika. Watu wakalalamika kwamba hawajui tena kama mashine inafanya kazi au imelala. Hapo ndipo vikazaliwa vile vijiprogramu vidogo ambavyo ndivyo hasa vilivyonifanya nishike kalamu. Windows 95, iliyotolewa Agosti 1995, ilichora pembeni mwa saa, chini ya skrini, picha ndogo ya modemu yenye taa mbili, moja ya kutuma na moja ya kupokea. Watumiaji wa Linux nao walikuwa na taa zao za kuchorwa. Kazi ya programu kama hiyo ni nyepesi kuieleza: kila baada ya muda mfupi inauliza mfumo, "Ni baiti ngapi zimepita?" Kama idadi imeongezeka tangu ilipouliza mara ya mwisho, inawasha taa. Basi.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Mark Russinovich na Bryce Cogswell, walioanzisha Sysinternals mwaka 1996, walikuwa na programu ya bure iitwayo Portmon. Hiyo haikutosheka na kuwasha taa. Iliorodhesha kila programu iliyofungua mlango wa siriali, ilichoandika, ilichosoma, na kama ilifaulu au ilishindwa. Ni kama bawabu wa lango letu la shule: jina lako, umetoka wapi, unaenda wapi, umebeba nini. Microsoft iliinunua Sysinternals mwaka 2006.

Huenda mtu akauliza, "Hayo ya kale yanatuhusu nini sisi wa leo?" Swali zuri. Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja.

Modemu za mwisho za waya wa simu zilifika biti 56,000 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, unapata baiti 7,000. Kwa mwendo huo, gigabaiti 1 ingechukua karibu saa 40 kupita. Saa 40! Mwizi anayehitaji saa 40 kuhamisha mali yako utamkuta tu sebuleni, hata kama wewe ni mzito wa usingizi. Lakini nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, na sasa tuna mitambo ya kasi. Kwa laini inayopitisha biti milioni 20 kwa sekunde, gigabaiti ile ile inapita kwa muda usiozidi dakika 7. Dakika 7 ndizo nilizotumia kusoma aya moja na nusu.

Hapo ndipo lilipo jambo langu, na naomba mlishike. Wakati data ilipokwenda mwendo wa kobe, watu walikuwa na taa ya kuiangalia. Sasa inakwenda mwendo wa umeme, na taa imeondolewa. Ni kinyume kabisa! Gari la mkokoteni lilikuwa na kengele, na matatu ya leo inakimbia bila taa usiku. Maoni yangu ni kwamba kadiri laini inavyozidi kasi, ndivyo mwenye laini anavyozidi kuhitaji kuona kinachotoka na kinachoingia.

Kuna rafiki yangu wa darasani ambaye tulibishana naye sana juu ya hili. Yeye asema simu nyingi zina vishale viwili vidogo juu ya skrini, na mashine zina ukurasa wa matumizi ya data. Kweli, vipo. Lakini vishale vile havisemi ni programu gani inayokula, na ule ukurasa umefichwa ndani ya mipangilio, mlango ndani ya mlango. Ni watu wangapi wa rika la mama yangu wanaojua ulipo? Taa ya modemu haikutafutwa. Ilikuwa usoni pako.

Tena rafiki yangu asema kwamba watengenezaji wakiweka taa kila mahali watu watachoka nazo. Nami namjibu kwamba wao wenyewe wamekwisha kukubali faida yake. Mwaka 2020 simu za iPhone zilianza kuonyesha nukta ndogo ya rangi kamera au maikrofoni inapotumika. Android ikafuata mwaka 2021. Ikiwa sikio na jicho la simu vimewekewa taa, mbona mdomo wake usiwekewe?

Hata hivyo, sitaki nionekane nasifu mvua kwa kuwa imenyesha shambani kwangu. Taa ina upungufu wake. Inakuambia kwamba kitu kinapita, haikuambii ni kitu gani. Na zile programu zinazosoma kila kitu kama Portmon ni upanga wenye makali kuwili. Fundi hutumia kutafuta kosa, kwa mfano mzani au kichapishi cha risiti kikikataa kuzungumza na tarakilishi. Lakini mwenye nia mbaya aweza kusoma yasiyomhusu. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, pamoja na mawasiliano yake, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kwa hivyo nasema waziwazi: chungulia mlango wako mwenyewe, usichungulie wa jirani. Anayetazama mashine yake analinda mali. Anayetazama ya mwenzake bila ruhusa ni mdukuzi, hata kama ni rafiki yako wa dawati moja.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo matatu tu. Kwanza, katika maabara yetu, kabla hatujafundishwa kupamba herufi na kubadilisha rangi za ukurasa, tufundishwe kuangalia ni programu zipi zinazotuma na kupokea. Ni somo la nusu saa. Pili, ile modemu ya kabatini isitupwe. Iwekwe mezani, ichomekwe, kila mwanafunzi mpya aione na aelezwe maana ya SD na RD. Tatu, kila mmoja wetu akirudi nyumbani jioni, kwa kuwa sisi ni wa kutwa na twalala kwetu, aketi na mzazi wake dakika kumi amwonyeshe simu yake inakula nini na wakati gani. Wao walitulipia karo. Hiyo nayo ni namna ya kurudisha shukrani.

Mimi nilianza na wangu. Mwalimu alinionyesha ule ukurasa uliofichika. Mjomba aliniruhusu nikifungue tena kipakatalishi, na tukakuta pale, kwa jina na kwa kiasi, programu iliyojisasisha yenyewe siku ile bila kuniuliza. Nilimpelekea Mama sokoni jioni akifunga mboga zake. Alivaa miwani, akatazama skrini kwa muda mrefu, akaangalia tarehe, akaniangalia mimi.

"Kumbe ni huyu," akasema. Kisha akacheka. "Haya, mwambie anilipe pesa yangu ya sukuma wiki."

Hajalipwa hadi leo, na sidhani atalipwa. Lakini siku hiyo alinikatia ndizi mbili kubwa, na tukarudi nyumbani tukizungumza kama zamani. Mwenye macho haambiwi tazama, ndiyo, lakini hata mwenye macho haoni gizani. Turudishiwe taa zetu.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.