Sistimu ikigoma, upendo usigome

Kuna maneno matatu yanayoweza kuharibu siku nzima: “Sistimu iko chini.” Utayasikia benki, hospitalini, kwenye ofisi za serikali na hata parokiani. Umepanga foleni tangu asubuhi. Nyumbani kuna mgonjwa anayesubiri dawa au mtoto anayesubiri ada. Kompyuta imeganda. Mhudumu anainua mabega, kisha anarudi kwenye simu yake. Umlaumu nani? Sistimu haina uso.

Tusidhani ni tatizo la nchi maskini tu. Ijumaa, Julai 19, 2024, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilisambaza faili dogo la programu inayolinda kompyuta dhidi ya wadukuzi. Faili lilidai taarifa ya 21, ilhali programu ilikuwa imeandaa 20 tu. Kwa tofauti hiyo ya moja, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zenye mfumo endeshi wa Windows zilizima na kubaki na kioo cha bluu. Ndege hazikuruka, benki zilikwama, hospitali ziliahirisha matibabu. Faili liliondolewa baada ya dakika 78, lakini kompyuta nyingi zilihitaji kutengenezwa moja moja kwa mikono ya mafundi. Mlinzi ndiye aliyeiangusha nyumba.

Bwana wetu alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika jambo dogo huwa mwaminifu hata katika kubwa. Wengi tunasoma fundisho hilo tukiwaza sadaka na fedha. Lisomeni pia ninyi vijana mnaosomea kompyuta. Faili lile halikupimwa vya kutosha, tena lilipelekwa kwa wateja wote kwa mkupuo mmoja. Kuijaribu kazi yako kabla ya kuitoa ni kumpenda jirani ambaye hutamwona kamwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu umewaangukia wengine.

Je, tutumaini kupata mifumo bora zaidi? Ndiyo, tena tuidai. Zamani programu moja ikikosea iliweza kuzima kompyuta nzima. Baadaye mafundi walijenga mifumo endeshi inayoiweka kila programu kwenye chumba chake, ili moja ikianguka nyingine ziendelee. Programu ile ya ulinzi ilileta maafa kwa sababu ilifanya kazi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo. Novemba 2024 Microsoft ilitangaza mpango wa kuziwezesha programu za namna hiyo kufanya kazi nje ya kiini. Ndivyo binadamu anavyojifunza: kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Lakini hakuna mfumo wa binadamu usioanguka. Swali la Jumapili ya leo si kompyuta itazima lini. Swali ni hili: ikizima, wewe utafanya nini na mtu aliyesimama mbele yako?

Fungua Injili ya Marko, sura ya pili. Watu wanne walimbeba mwenye kupooza, wakakuta umati umeuziba mlango. Njia ya kawaida ilikuwa imegoma. Hawakumwambia mgonjwa arudi kesho. Walipanda juu, wakafungua paa, wakamshusha hadi kwa Yesu. Sura hiyohiyo inamalizia kwa kutukumbusha kwamba hata Sabato iliwekwa kwa ajili ya mtu. Kama siku takatifu ya Mungu iko kwa ajili ya mtu, sembuse mashine ya ofisini?

Siku ile ya Julai walikuwepo waliofungua paa. Huko Uingereza madaktari walirudi kwenye karatasi na kalamu. Katika viwanja vya ndege vya India wafanyakazi waliwaandikia abiria kadi za kupandia ndege kwa mkono. Kazi ilikwenda polepole, lakini ilikwenda.

Wewe mkuu wa ofisi, akiba haiozi. Weka nakala za kumbukumbu mahali pengine, weka daftari na kalamu, wafundishe watu wako kazi ya mkono kabla ya siku mbaya. Wewe mhudumu wa dirishani, sema ukweli: kimetokea nini na watu wasubiri kwa muda gani. Mwulize aliyetoka mbali kama ana mgonjwa. Andika jina lake na namba ya simu ili asirudi bure. Usiitumie sistimu kama pazia la kufichia uvivu, wala kama mlango wa kuombea “chai”. Nawe uliye kwenye foleni, usimtukane binti aliye mbele yako. Si yeye aliyeiandika programu ile, na huenda naye ametukanwa tangu asubuhi.

Siku ya mwisho, Mwana wa Adamu hatauliza kama mtandao ulikuwepo. Atauliza habari za mwenye njaa, mgeni na mgonjwa. Jibu la “sistimu ilikuwa chini” halitatosha, kwa maana mikono yetu ilikuwa inafanya kazi.

Jumapili njema.