Vitz au IST? Taa ndogo ya dashibodi ndiyo iliyoamua

Binti yupo mwaka wa tatu wa uuguzi. Anaishi na wazazi wake Segerea, na zamu zake za mafunzo ni wodini, Upanga. Zamu ya jioni ikiisha daladala zimepungua, na kutoka kituoni hadi nyumbani ni bodaboda gizani. Mama halali mpaka asikie geti likifunguliwa. Ndiyo maana familia ilikubaliana kwamba shilingi milioni 8, fedha za kikoba cha mama na za pikipiki aliyouza baba, zinunue gari dogo.

Dalali alileta magari mawili. La kwanza Toyota Vitz ya cc 1000, rangi imepauka, bei milioni 6.3. La pili Toyota IST ya cc 1500, rimu zinang'aa, redio ya skrini, bei milioni 7.8.

"Baba, IST," binti alisema kabla hata ya kufungua mlango. Baba naye moyo wake ulikuwa hukohuko.

Mama alichukua kalamu. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 30, na kwa siku 22 za mwezi ni kilomita 660. Vitz ikienda kilomita 15 kwa lita, itatumia lita 44. IST ikienda kilomita 12, itatumia lita 55. Petroli ikiwa shilingi 3,000, tofauti ni shilingi 33,000 kila mwezi, na hapo foleni haijahesabiwa.

"Bumu lako litanunua mafuta au chakula?" alimuuliza.

Baba alisema Vitz kuukuu itawasumbua kwa spea. Fundi waliyekwenda naye akatabasamu. IST ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 2002, ilijengwa juu ya msingi wa Vitz, na spea za zote mbili zinapatikana kwa urahisi.

Kisha fundi akafanya jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Aliwasha swichi ya Vitz bila kuwasha injini, akaitazama dashibodi. Taa ya mifuko ya hewa, ile yenye picha ya mtu aliyekaa na puto mbele yake, iliwaka sekunde chache kisha ikazimika. Ndivyo inavyotakiwa. Akahamia kwenye IST. Taa haikuwaka kabisa.

"Wameichomoa," alisema. "Gari hili huenda liligonga, mifuko ikafumuka, wakafunika usukani na kuua taa ili mnunuzi asijue."

Akavuta mkanda wa dereva. Ulitoka, haukurudi. Dalali alisema hicho ni kitu kidogo cha kurekebisha. Binti hakumjibu. Wiki ile ile alikuwa amepangiwa idara ya dharura, na alijua vifua vilivyogonga usukani vinavyofika pale.

Shirika la Afya Duniani linasema majeraha ya ajali za barabarani ndiyo yanayoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mkanda pekee unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa hadi nusu. Mfuko wa hewa umeundwa kusaidiana na mkanda, hauchukui nafasi yake. Redio ya skrini haimo katika hesabu hiyo.

Walichukua Vitz. Milioni 1.7 iliyobaki haikurudi kwenye kikoba. Ilinunua tairi nne, pedi za breki na bima, ikalipia na kubadilisha umiliki TRA ili kadi isomeke jina la baba.

Mzazi anayemnunulia mwanafunzi gari dogo aanze na haya:

Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Washa swichi, hakikisha taa za mifuko ya hewa na ABS zinawaka kisha zinazimika.

Vuta mikanda yote, pamoja na ya nyuma ambayo mara nyingi imefichwa chini ya vitambaa vya viti.

Soma tarakimu nne za mwisho za DOT kwenye tairi. 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nzuri haifichi mpira uliozeeka.

Linganisha namba ya chesisi kwenye gari na iliyo kwenye kadi, kisha uliza kama gari lina deni la faini.

Usimalize fedha zote kwenye bei. Tenga za matengenezo ya kwanza.

Siku ya kukabidhi ufunguo, baba aliweka sharti moja. "Mama, ukitoka zamu ya usiku usishike usukani. Lala kwanza hosteli kwa mwenzako, gari litakusubiri."

Usingizi barabarani hauchagui Vitz wala IST. Binti aliitikia, akafunga mkanda, ndipo akawasha gari.