Jeraha Halingoji Pesa

Ndugu zetu, mtu akianguka kwenye bodaboda, tairi la lori likamchuna ngozi ya mguu mpaka nyama ikabaki wazi, hospitali haina ruhusa ya kuwaambia "leteni pesa kwanza".

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza meno: kituo chenye uwezo kikikataa kumtibu, kikipatikana na hatia kitatozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Kama uwezo hakina, kimtulize hali na kimpangie kuhamishwa.

Kwa nini haraka? Jeraha hilo limejaa mchanga na nyama iliyokufa. Lataka kuoshwa kwa maji mengi, nyama mbovu ikatwe, mgonjwa apewe dawa za kuua viini na sindano ya pepopunda. Likishonwa likiwa chafu, usaha unafungiwa ndani. Kubandika ngozi huja baadaye, jeraha likishakuwa safi. Likicheleweshwa, mguu ambao ungeokolewa unaishia kukatwa.

Wewe uliye barabarani, kandamiza kwa kitambaa safi damu isimame, mkimbize hospitali. Usipake mafuta ya taa, kahawa wala udongo, tafadhali!

Ukifika pale mapokezi, taja Kifungu cha 43. Wakikataa, andika saa, jina la kituo na aliyewarudisha. Utayahitaji ukienda kushtaki. Hii ni haki yako, si hisani.