JEKI SI NGUZO

Ndugu wafanyakazi, mara nyingi twaambiwa tuinue tela penye mteremko upesi upesi, eti kazi ni ndogo. Sisi wa reli twasema kazi hii ina utaratibu wake, na kuufuata si uvivu.

Kwanza, tela ingali imefungwa kwenye trekta, gurudumu la upande wa chini lipandishwe juu ya ubao mpana, hata tela ilale sawa kushoto na kulia. Pili, magurudumu yote yazuiwe kwa kabari upande wa bondeni. Ndipo tela ifunguliwe, na mbele yake iinuliwe kwa jeki iliyosimama wima juu ya ubao, si juu ya udongo mtupu. Mwisho, mataruma yapangwe chini ya chasisi. Jeki huinua tu. Mataruma ndiyo yabebayo. Kabla ya hapo mtu asiingie chini.

Mbao na kabari ni juu ya mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yatutaka tumwarifu msimamizi penye hatari kubwa, wala tusilazimishwe kurudi hapo mpaka itengenezwe. Basi tuseme bila haya. Kabari ni kipande cha mti. Mguu wa mtu hauuzwi dukani.