Afya Yetu: Jongo si ugonjwa wa kidole tu



Mtu amelala mzima. Usiku wa manane maumivu yanamwamsha. Kidole gumba cha mguu kimevimba na kina joto. Hata shuka ikikigusa, analia.

Asubuhi maneno huanza. Mmoja atasema, "Amekanyaga dawa iliyotegwa njiani." Mwingine atamtaja bibi kizee wa jirani. Maneno hayo yanaweza kumletea madhara mtu asiye na kosa. Tuyaache. Huenda ugonjwa huo ni jongo, ambao wengi huuita gauti. Jongo si uchawi, wala haliambukizi.

Jongo hutokana na nini? Mwilini mna taka iitwayo asidi ya yuriki. Hutokana na chembe za mwili zinazochakaa, na pia na baadhi ya vyakula. Figo huichuja, nayo hutoka katika mkojo. Ikizidi katika damu, huganda ndani ya kiungo kama sindano ndogo sana. Ndipo kiungo huvimba na kuuma.

Baada ya siku chache, au wiki moja au mbili, maumivu hupoa yenyewe. Mganga husifiwa, lakini ugonjwa bado upo.

Je, kidole na tumbo vina uhusiano gani? Mafuta yakijaa tumboni, mwili hutumia sukari ya damu kwa shida. Hivyo hutengeneza insulini nyingi. Insulini ikizidi, figo hubakiza ile asidi badala ya kuitoa. Kwa hiyo watu wengi wenye jongo wana pia baadhi ya mambo haya matano:

1. Kitambi.
2. Presha ya juu.
3. Sukari nyingi katika damu.
4. Mafuta mengi katika damu.
5. Upungufu wa mafuta mazuri yanayolinda moyo.

Mwenye matatu kati ya hayo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari, ugonjwa wa moyo na kiharusi. Kidole hupiga kelele, lakini presha hunyamaza. Ukitibu kidole tu, umefukuza mbwa anayebweka ukamwacha mwizi ndani.

Jipime nyumbani. Chukua kamba yenye urefu sawa na kimo chako. Ikunje katikati. Izungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimezidi.

Ufanye nini?

Nenda kwenye zahanati au kituo cha afya. Omba kupimwa presha na sukari, na uulize wapi utapimwa asidi ya yuriki. Ukiwa na homa pamoja na kiungo kilichovimba, usingoje hata siku moja. Vidonge vingine vya presha huongeza asidi hiyo. Usiviache mwenyewe, mweleze mganga wa zahanati.

Punguza bia na pombe ya kienyeji. Punguza soda na sukari ya chai. Msimu wa kuuza pamba usiwe msimu wa nyama na pombe kila siku. Maini, figo na dagaa vile vile vile kwa kiasi. Maharage na mboga za majani usiviogope. Havikuonekana kuongeza jongo. Maziwa husaidia. Kunywa maji ya kutosha.

Tembea. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walikwenda kwa miguu kutoka Tabora hadi Bagamoyo na mizigo mabegani. Leo hata gulioni twaenda kwa pikipiki. Kitambi kipunguzwe polepole, wala usijinyime chakula ghafula, maana njaa kali nayo huamsha jongo.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitufundisha kwamba magonjwa yana sababu, na sababu zaweza kuondolewa. Somo hilo halijachakaa. Msomee jirani yako ukurasa huu, hasa yule anayechechemea.