Duara Jekundu

Zilipobaki dakika mbili mchezo kwisha, timu ya nyumbani ikiwa mbele kwa pointi tatu, kocha alinyanyua mkono akamtoa uwanjani kijana ambaye nusu ya umati wa jioni ile ilikuwa imekuja kumtazama yeye tu, na papo hapo ukazuka mzomeo ambao nadhani ulisikika hadi sokoni. Sitamtaja kijana wala timu yake, kwa kuwa yaliyotokea katika uwanja ule wa saruji hapa Machakos hutokea katika viwanja vingi, na kwa kuwa mjadala uliofuata haukuwa juu ya mtu bali juu ya daraja: mchezaji ambaye mchezo humkuta benchini, kisha akainuka na kuingia kama nguvu mpya na kufunga vikapu mfululizo, ana thamani gani kwa timu yake, na je, kumweka pale ni busara au ni dhuluma?

Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi zilizokwisha kupoa, vilima vya Iveti vikianza kuingia giza, na nyuma yangu walikuwapo mahasimu wawili wa mjadala huo. Mmoja alikuwa mwendesha bodaboda, kofia yake ya chuma mapajani. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye daftari la mistari ya mraba na penseli fupi iliyochongwa kwa kisu.

"Mwalimu, huyu kocha ana nini? Angeanza na huyu kijana, saa hii tungekuwa mbele kwa ishirini."

"Ngoja kwanza, kijana wangu. Mimi naandika."

Timu ya nyumbani ilishinda kwa pointi 61 dhidi ya 58, tofauti ile ile ya tatu ikilindwa na watano ambao hakuna hata mmoja wao aliyeshangiliwa kwa jina. Lakini ushindi haukuwaridhisha waliozomea, na nilipokuwa nikiwasikiliza wakiteremka ngazi kwa manung'uniko ndipo nilipotambua kwamba tunautazama mpira wa vikapu kwa macho tuliyoazima kwingine.

Macho hayo ni ya kandanda. Mji huu umelelewa na kandanda, na waliokuwa katika Uwanja wa Kenyatta tarehe 17 Desemba 2017, Harambee Stars walipotoka sare ya 2–2 na Zanzibar katika fainali ya CECAFA kisha wakalitwaa kombe kwa penalti kwa mikono ya kipa Patrick Matasi, hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Katika kandanda atokaye hatarudi, na nafasi za kubadilisha wachezaji ni za kuhesabu kwa vidole, zamani tatu na siku hizi tano. Kwa hiyo benchi la kandanda ni hukumu, na anayeketi pale amekwisha kuambiwa mbele ya kadamnasi kwamba yuko mwenzake aliye bora kuliko yeye. Hata Divock Origi, ambaye Wakenya humhesabu kuwa damu yao ingawa aliichezea Ubelgiji, maana baba yake ni Mike Okoth wa Harambee Stars na ami yake ni Austin Oduor, nahodha wa Gor Mahia iliyotwaa Kombe la Mandela mwaka 1987, hakuepuka hukumu hiyo. Tarehe 2 Desemba 2018 aliingia dakika za mwisho na kuifunga Everton katika dakika ya 96. Tarehe 1 Juni 2019, jijini Madrid, aliinuka tena benchini na kufunga bao la pili lililoipa Liverpool ubingwa wa Ulaya. Na pamoja na hayo yote wako waliomsema, katika vibanda vya kutazamia mpira humu humu mjini, kwamba lau angekuwa mchezaji wa haki angeanza.

Mpira wa vikapu haukuumbwa hivyo. Kwa kanuni za shirikisho la kimataifa mchezo una dakika 40, na maadamu watano huwamo uwanjani wakati wote, kocha huwa na dakika 200 za kuwagawia watu wake, ambao aghalabu ni kumi na wawili. Anayetoka hurudi, akatoka tena, akarudi tena, mara yoyote mpira usimamapo na kocha akapenda, isipokuwa aliyekwisha kufikisha makosa yake matano. Benchi katika mchezo huo ni ghala la dakika, na mwenye ghala hatazamwi kwa mfuko aliotangulia kuufungua bali kwa jinsi mavuno yalivyofika msimu mwingine bila watu kulala njaa. Kwa hiyo swali la nani ameanza, ambalo katika kandanda ni swali zito, hapa ni swali la sherehe tu. Swali lenye uzito ni nani amepewa dakika zipi, na nani yumo uwanjani saa ya kufunga hesabu.

Walioufahamu ukweli huu mapema walivuna. Red Auerbach, kocha wa Boston Celtics, katika miaka ya 1950 alimweka Frank Ramsey benchini si kwa kuwa alikuwa dhaifu bali kwa kuwa hakuwa dhaifu: wapinzani walipowapumzisha wakubwa wao na kutarajia wote wapumue, yeye ndipo alipomwachilia mtu mwenye miguu mibichi. Baada ya Ramsey akaja John Havlicek, aliyeanza kwa kuinuka benchini na akastaafu mwaka 1978 akiwa na pointi 26,395, ambazo hakuna mchezaji mwingine wa Celtics aliyezifikia, na leo tuzo ya mchezaji bora wa akiba katika ligi ya Marekani imepewa jina lake. Vinnie Johnson wa Detroit, aliyefananishwa na jiko la maikrowevu kwa jinsi alivyopata moto upesi, ndiye aliyefunga kikapu cha ubingwa wa mwaka 1990 ikiwa imebaki chini ya sekunde moja. Na Manu Ginobili, Muajentina mwenye medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Athens, alikubali kuketi akisubiri katika San Antonio kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji. Lakini nani aliyemwona ameketi dakika za mwisho za mchezo mgumu?

Narudi kwa mwalimu, maana daftari lake lilinifunza jambo ambalo sikulipata kwa hao wakubwa. Yeye hakuwa akiandika pointi za kijana. Kila mara kijana alipoingia, mwalimu aliandika matokeo yalivyo, na kila alipotoka aliandika tena, kisha akatoa. Alinipa daftari nilitazame mwenyewe: kijana alikuwa amecheza dakika 13 kwa vipande vitatu na kufunga pointi 14, na umati ulizihesabu zote kwa sauti, lakini katika dakika hizo 13 timu yake ilifunga 30 na wapinzani wakafunga 29. Katika dakika 27 alizokuwa ameketi, timu ilifunga 31 na kufungwa 29.

"Umeona?" aliniuliza mwalimu, kwa ile furaha ya mtu aliyemkamata mwanafunzi akinakili. "Pointi moja. Kelele zote hizi ni za pointi moja."

Mwendesha bodaboda hakukubali, naye hakuwa mpumbavu. Alisema kwamba kijana alipoingia mara ya kwanza, katika robo ya pili, timu ilikuwa inazama na watu wameanza kutazama simu zao, na kwamba daftari halina safu ya kuandikia moyo. Nami nasema, kwa insafu, kwamba hesabu ya mchezo mmoja ni ushahidi mwembamba, kwa kuwa haijui kijana aliingia na nani wala alikutana na nani. Wanne wazembe waweza kuzama pamoja na mmoja hodari, na daftari likamwandikia hodari madeni ya wazembe.

Hata hivyo zitazameni tena zile tarakimu, maana zinasema zaidi ya alivyotaka mwalimu. Kijana alipokuwamo uwanjani, katika dakika 13 zilifungwa pointi 59 za pande zote mbili. Alipokuwa ameketi, katika dakika zilizozidi hizo mara mbili, zilifungwa 60. Yeye haongezi vikapu vyetu peke yake: anaufanya mchezo wote ukimbie. Hushambulia kabla wapinzani hawajajipanga, hutupa kutoka mbali bila kushauriana na mtu, na akikosa huwa yuko mbele mno kuwahi kurudi nyuma, hivi kwamba wapinzani nao hupata njia nyeupe. Nilimwona mwenyewe, katika robo ya tatu, akinyakua mpira mikononi mwa mlinzi wa watu, akafunga akining'inia hewani, akageuka kuwapungia rafiki zake mkono. Na alipokuwa angali akipunga, mtu aliyepaswa kumlinda alikuwa amekwisha kufunga upande wa pili. Umati ulikumbuka la kwanza. La pili nadhani tulilikumbuka watatu: mwalimu, mimi na kocha.

Sasa mtu wa namna hiyo anafaa lini? Aliye nyuma anahitaji mchezo uende mbio, kwa kuwa mwenye deni hawezi kulilipa kwa kukaa kimya. Anahitaji mitupo mingi, bahati nyingi, hata fujo kidogo, na hapo kijana wetu ni dawa isiyo na badala. Aliye mbele anahitaji kinyume chake: saa itembee, mpira utulie mikononi, mlango mmoja tu ufunguliwe kwa wakati. Na mchezo unapoanza, 0–0, hakuna mwenye deni wala mwenye akiba. Sioni kwa nini kocha mwenye akili aanze kwa kuvuruga mizani ambayo haijaelemea upande wowote. Kocha yule alimtoa akiwa mbele kwa pointi tatu, na pointi tatu zilibaki. Akafanya sawasawa, akazomewa.

Wako watakaoniambia kwamba nimemdunisha kijana, kuwa anang'ara kwa sababu tu anakutana na akiba za wapinzani na wakubwa waliochoka. Ni hoja ya kweli kwa nusu yake. Miguu mibichi haina maana ila mbele ya miguu iliyochoka, na ukimwanzisha pamoja na wote walio wabichi umemvua nusu ya silaha yake. Lakini kumtumia mtu pale anapozidi si kumdunisha. Seremala hamtukani patasi kwa kutoifanya nyundo, na wachongaji wetu wa Wamunyu, ambao vinyago vyao vimeuzwa hadi Ulaya, hawaanzi kinyago kwa kile kisu chembamba cha kuchorea macho.

Neno langu kwa makocha, nao ni wengi wanaojiona wamemaliza kazi kwa kupanga majina, ni kwamba ruhusa hii ya kuingiza na kutoa isiyo na mpaka hawaitumii hata robo. Timu yetu ya taifa, ambayo mwaka 2021 huko Kigali ilirudi katika mashindano ya Afrika baada ya miaka 28, ilifika huko kwa kuifunga Angola 74–73 mjini Yaoundé, kwa mtupo wa Tylor Ongwae wa dakika ya mwisho kabisa. Kisha, baada ya kuifunga Mali, ikatolewa na Sudan Kusini 60–58. Kikapu kimoja kikatuingiza, kikapu kimoja kikatutoa. Katika michezo ya namna hiyo mfungaji wa akiba aweza kuingizwa mpira ukiwa wetu na kutolewa mpira ukiwa wao, mara nne ndani ya dakika moja ikibidi, na asitokee mtu wa kumwonea huruma.

La mwisho ni la kijana mwenyewe, na hapa nawaunga mkono waliozomea. Ni rahisi kwangu, niliyeketi ngazini, kuhubiri kwamba benchi si aibu. Lakini kijana anayetafuta nafasi ya kusoma kwa kucheza ataulizwa kama huanza, na jirani atamuuliza mama yake swali lilo hilo. Georginio Wijnaldum wa Liverpool alikiri kwamba aliwekwa benchini akakasirika, usiku ule wa Mei 2019 alipoinuka na kuifunga Barcelona mabao mawili ndani ya dakika tatu, na sidhani hasira ile ilikuwa utovu wa adabu. Kocha anayemweka mtu akiba na asimweleze sababu, wala asimpe dakika alizomwahidi, huyo amemdhulumu, na hakuna daftari litakalomtetea.

Tuliposhuka, mwalimu alitaka kulinganisha hesabu yake na karatasi rasmi, nasi tukasimama mezani kwa mwandishi wa mchezo. Kwenye karatasi hiyo kila aliyecheza hutiwa alama ya x ndogo mbele ya jina lake, na watano walioanza x zao huzungushiwa duara kwa wino mwekundu. Ya kijana wetu ilikuwa ya buluu, wino wa robo ya pili, wala haikuwa na duara.

"Hilo duara ni la nini?" akauliza mwendesha bodaboda.

"Ni la walioanza," akasema mwalimu.

Akalitazama kwa muda, kisha kidole chake kikahamia upande wa pili wa karatasi, kwenye safu ndefu ya pointi, ambako namba ya kijana ilikuwa imezungushiwa duara mara mbili.

"Na haya?"

"Hayo ni ya mitupo ya pointi tatu."

"Ala! Basi anayo," akasema, akavaa kofia yake ya chuma, na kumuuliza mwalimu kama angependa kupelekwa nyumbani.