Mwaka wa sita utalipwa na nani?



Kila mwaka, majibu ya Mtihani wa Serikali yanapotoka, wazazi hutufikia nyumbani wakiwa na furaha na hofu pamoja. Mtoto amefaulu katika seksyo ya biolojia na kemia, naye anataka kuwa daktari. Baba ameshika karatasi ya chuo fulani iliyoandikwa bei ya mwaka wa kwanza. Hutuuliza: «Mwalimu, hii si ghali, sivyo?» Nasi humrudishia swali: «Na mwaka wa sita, baba, utalipwa na nani?» Hapo mara nyingi nyumba nzima hunyamaza.

Udaktari haufanani na masomo mengine. Aliyesoma ualimu miaka mitatu anaweza kushika darasa, akaanza kusaidia wadogo zake. Aliyesoma udaktari miaka mitatu hawezi kushika mgonjwa. Miaka ile yote, sita au saba pamoja na staji za hospitali, ni kama mtumbwi: usipofika ng'ambo, hakuna anayekulipa kwa kuwa ulifika katikati ya mto. Kwa hiyo twasema kwamba chuo cha bei nafuu ni kile ambacho familia yenu inaweza kukilipia hadi siku ya mwisho, hata kama bei ya kuingia inaonekana kubwa kidogo kuliko ya jirani.

Tuchukue mfano wa hesabu, na tarakimu ni zetu wenyewe. Chuo cha kwanza, katika mji wa mbali, kinadai minervali ya dola 400 kwa mwaka. Chuo cha pili, katika mji wenu, kinadai 750. Familia nyingi hukimbilia cha kwanza. Lakini huko mbali mtoto atapanga chumba, tuseme dola 25 kwa mwezi, atakula kwa dola 40, na safari za kwenda na kurudi zitachukua 150. Kwa miezi kumi ya masomo, jumla ya mwaka ni dola 1.200. Katika mji wenu atalala kwenu au kwa shangazi yake, atakula sahani ya nyumbani, na pikipiki itachukua labda dola 100: jumla ni 850. Sasa weka miaka sita, na mmoja wa kurudia, kwa maana mwaka wa kwanza wa udaktari huangusha wengi, hata wenye akili. Huko mbali ni dola 8.400, nyumbani ni 5.950. Tofauti yake ni dola 2.450, na katika vijiji vyetu watu wameuza shamba kwa fedha pungufu ya hizo.

Tena hatujataja mambo yasiyoandikwa kwenye karatasi ile: silabusi, koti jeupe, vyombo vya mazoezi, fedha ya kujiandikisha kwa mtihani wa kila sesheni, gharama za staji na za kazi ya mwisho. Katika vyuo vya Serikali malipo huwa ya chini, na hilo ni jema. Lakini mgomo wa maprofesa unaweza kuurefusha mwaka, na mwaka uliorefuka una kodi ya nyumba na chakula chake. Hatusemi hayo ili mviogope vyuo vya Serikali. Lubumbashi na Kisangani zimetoa madaktari wanaotutibu leo. Twasema tu kwamba miezi hiyo nayo ihesabiwe.

Wapo kati yenu wanaoandikiwa na binamu waliofika Marekani kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania na Burundi. Hao huwaambia: «Soma kwanza chuo chochote, udaktari utakuja baadaye.» Kwao ni kweli. Huko mtu husoma kwanza chuo kikuu miaka minne, akichukua biolojia, kemia na fizikia, kisha hufanya mtihani wa kuingia, ndipo aanze miaka mingine minne ya udaktari. Ndiyo maana wenye busara kati yao huanza katika chuo cha bei ndogo, mara nyingi cha Serikali ya jimbo wanamokaa, wakitafuta alama nzuri na kukwepa madeni, kwa kuwa gharama kubwa bado iko mbele. Kwetu twaingia fakulte ya udaktari moja kwa moja na Diploma ya Serikali. Msichukue njia yao nzima. Chukueni ile akili ya kutokula akiba yote mwanzoni.

Lakini bei ndogo nayo ina mtego wake. Tulikuwa na kijana katika kundi letu, msomaji hodari wa masomo ya Jumapili. Familia yake ilimpeleka katika chuo kipya chenye bango kubwa na malipo madogo kuliko yote. Hakikuwa na hospitali. Mazoezi ya maabara yalichorwa ubaoni. Alipofika mwaka wa tatu, fakulte ilifungwa kwa kukosa kibali. Alipobisha hodi kwingine, aliambiwa aanze mwaka wa kwanza. Mama yake alikuwa amekwisha kuuza mashine ya kushona, na dada yake mdogo aliacha shule mwaka uleule. Nasi tunalo kosa letu katika habari hiyo: tuliona lile bango, tukampongeza.

Watu wengine hutarajia kwamba sisi makatekista tutawaambia tu: nendeni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu au kile cha Graben huko Butembo. Ni vyuo tunavyovijali, vyote viwili vilianzishwa mwaka 1989, na vina fakulte za udaktari. Ila kama baba yako hawezi kuvilipia mpaka mwisho, hakuna dhambi yoyote ya kwenda kwingine. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti wa Bukavu, alisomea udaktari Bujumbura, ng'ambo ya Ruzizi, akamaliza mwaka 1983. Alianza kazi katika hospitali ya Lemera, milimani, na baadaye akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ilikuwa kwa kazi aliyoifanya hapa kwetu. Anayefikiria kuvuka mpaka kama yeye aulize mapema juu ya lugha ya masomo na usawazisho wa diploma atakaporudi. Kampala wanafundisha kwa Kiingereza, na hospitali zetu zinaandika kwa Kifaransa.

Na kama hesabu imekataa kabisa? Kuna vyuo vya ufundi wa tiba, ISTM, vinavyofundisha uuguzi na maabara kwa miaka michache. Tunajua wauguzi ambao kijiji kizima huwaita daktari, na hawajawahi kuwakataza! Anayetaka kupitia huko ili aje kusoma udaktari baadaye asidhani miaka yake itahesabiwa. Aulize kwanza, apewe jibu la maandishi.

Kabla ya kulipa hata franka moja, nendeni wenyewe chuoni, siku ya kazi, si siku ya sherehe. Mwombe kuona kibali cha Wizara. Ulizeni staji hufanyika hospitali gani, kisha mwende hospitali hiyo mwone kama wanafunzi wapo kweli. Msiishie kwa sekretari. Tafuteni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mmuulize alilipa nini mwaka jana ambacho hakikuandikwa popote. Yule kijana wetu sasa anafundisha biolojia katika shule ya msingi ya parokia, na jioni anaweka fedha kidogo kidogo. Ametuomba tumsindikize mwezi ujao kwenda kuona chuo kingine. Safari hii tutakwenda naye.